Je, Wajua? Mbu wa Afrika Kusini

• Je, wajua kuwa sehemu kubwa ya Afrika Kusini haina malaria? Ugonjwa huu huambukizwa katika maeneo ya majimbo matatu tu: Limpopo, Mpumalanga na KwaZulu-Natal. Msimu wake ni Septemba hadi Mei.

• Je, wajua kuwa mkazi wa Johannesburg anaweza kuugua malaria bila kutoka mjini? Mbu hupata lifti kwenye gari au mzigo, na akishuka humuuma wa kwanza kumkuta. Kwa kuwa mgonjwa hajasafiri, daktari aweza kudhani ni mafua, tiba ikachelewa.

• Je, wajua kuwa mlipuko wa malaria wa 1931-1932 uliua zaidi ya watu 20,000 huko Natal?

• Je, wajua dawa ukoko, ile inayopuliziwa kwenye kuta za nyumba, inavyoua? Mbu jike akishashiba damu huwa mzito, hutua ukutani apumzike. Ukuta uliopuliziwa dawa ndio humtia sumu kupitia miguu.

• Je, wajua kuwa mwaka 1996 Afrika Kusini iliacha kupulizia DDT kwenye nyumba, zikaja dawa za jamii ya pareto? Haikupita miaka mingi, Anopheles funestus, mbu wa malaria aliyekuwa ametokomezwa nchini, akarudi. Huko Ndumu, karibu na mpaka wa Msumbiji, watafiti walimnasa akitoka mzima katika nyumba zilizopuliziwa. Mwaka 2000 wagonjwa walipita 60,000.

• Je, wajua mambo yalirekebishwaje? DDT ilirudishwa. Mwaka 2001 KwaZulu-Natal ikaacha kutibu malaria kwa SP, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaanza dawa mseto. Msumbiji na Eswatini nazo zikaungana na Afrika Kusini katika mpango wa Lubombo, nyumba zikapuliziwa hata ng'ambo ya mpaka. Wagonjwa wakapungua kwa kasi.

• Je, wajua kuwa Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwaka 1931, ilizuka tena Afrika Kusini 2010 na 2011? Mayai ya mbu aina ya Aedes, wanaoieneza, hustahimili ukame kwenye tope kavu kwa miaka, yakisubiri mafuriko. Lakini watu wengi huambukizwa na damu ya mifugo wagonjwa: wachungaji, wachinjaji na madaktari wa mifugo.

• Umetoka Hifadhi ya Kruger, Limpopo au Msumbiji, na sasa una homa? Usiitulize kwa panadol. Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo, na umwambie daktari ulikotoka.