Shinikizo Linapokiuka Kipimo: Uchunguzi wa Turbo katika Injini ya Dizeli

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Kauli hii inaafiki hali ya injini ya dizeli iliyoongezewa nguvu kwa kubadilishiwa programu ya kompyuta. Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha shinikizo la hewa lililopita kiasi kabla ya kuingia gharama ya kununua turbo nyingine.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa kwenye silinda. Katika injini nyingi za Volkswagen TDI za lita 1.9, turbo ina vibawa vinavyogeuka. Ombwe likiuvuta mtaimbo wake, vibawa hubana njia ya moshi na shinikizo hupanda. Ombwe likipungua, vibawa hufunguka. Kompyuta hulinganisha shinikizo lililoagizwa na lililopimwa. Lililopimwa likizidi mno, hitilafu P0234 husajiliwa na nguvu hupunguzwa, aghalabu hadi injini izimwe na kuwashwa tena. Dereva anayelipita lori wakati huo yumo hatarini.

Hatua ya kwanza ni kusoma wala si kufungua. Gari huendeshwa kwa gia ya tatu, mafuta yakikanyagwa kikamilifu, kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, huku vipimo vyote viwili vikirekodiwa. Vikifuatana ilhali vyote viko juu mno, kasoro imo katika programu. Lililopimwa likipaa na kukataa kushuka, huenda vibawa vimekwama kwa masizi, au vali ya umeme inayodhibiti ombwe haiachilii. Ili kutofautisha mawili haya, mtaimbo huvutwa kwa pampu ya mkono. Ukisitasita au usiporudi wote, masizi ndiyo yanayoshukiwa kwanza. Ukienda kwa ulaini, uchunguzi huhamia kwenye vali.

Tarakimu nazo zahitaji tahadhari. Sensa hupima shinikizo pamoja na lile la angahewa. Milibaa 2,000 mjini Mombasa ni ziada ya takriban 1,000. Jijini Nairobi, penye angahewa ya yapata milibaa 830, ni ziada ya 1,170. Turbo hutumika zaidi kufikia tarakimu ile ile.

Aidha, mpira wa ombwe uliotoboka hupunguza shinikizo katika turbo ya vibawa, ilhali mpira wa hewa uliotoboka katika turbo yenye lango la kupunguzia moshi huliongeza. Kama lilivyo neno, dalili haifasiriki nje ya muktadha wake.