Mafuta ya Taa Gerejini na Maji ya Visima vya Kwale

Mafuta ya taa, ambayo wengi huyajua kwa stovu na kandili, hutumika pia katika gereji kama kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha uchafu usiotoka kwa maji matupu, kama vile grisi iliyoganda kwenye injini na lami iliyorukia bodi ya gari. Kandokando ya barabara itokayo Likoni hadi Lunga Lunga, inayopitia Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni, kazi za ufundi hufanywa mara nyingi juu ya ardhi isiyosakafiwa, na ardhi hiyo huchangia pakubwa kuamua mafuta hayo yatadhuru nini baada ya kumwagwa.

Kwa asili, mafuta ya taa ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na hidrojeni, na jamii hiyohiyo ya kemikali imo katika dawa nyingi za dukani za kung'arishia magari na kulegezea nati zilizoshika kutu. Mvuke wa mafuta ya taa hauwezi kushika moto mpaka mafuta yenyewe yafikie joto la nyuzi 38 za selsiasi au zaidi, hivyo ni salama kuliko petroli, ambayo mvuke wake huwaka hata penye baridi kali na ambayo ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Hata hivyo, injini iliyozimwa punde huwa imezidi kiwango hicho kwa mbali, na kuirashia mafuta kabla haijapoa kunaweza kuzua moto.

Kwa upande wa afya, ngozi ya fundi anayenawa kwa mafuta hayo kila siku hupoteza mafuta yake ya asili, ikakauka na kupasuka. Anayehatarika zaidi ni mtoto anayeyanywa kwa sababu yametiwa katika chupa ya soda, kwani ni mepesi na kiasi kidogo tu kikipenya mapafuni huleta nimonia. Kwa hiyo mtoto huyo hatapishwi kamwe, maana akitapika yanaweza kumpalia mara ya pili, bali hukimbizwa hospitali.

Kuhusu mazingira, sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Kwale imekalia mwamba wa matumbawe ya kale wenye nyufa na mashimo, na kwingineko, kama Tiwi, kuna matabaka ya mchanga yanayohifadhi maji yanayovutwa kwa visima virefu. Udongo wa mfinyanzi hupunguza mwendo wa mafuta, ilhali mchanga na matumbawe huyapitisha upesi. Kwa kuwa lita moja ina uzito wa gramu 800 hivi, mafuta hayo huelea juu ya maji ya chini ya ardhi, mahali hasa ambapo visima vifupi huteka, na penye oksijeni kidogo bakteria huyavunja polepole sana. Sabuni haiyaondoi, bali huyagawanya kuwa matone madogo yanayosafiri na maji ya mvua ya masika kuelekea chini au baharini, ambako kuna hifadhi ya Diani-Chale iliyotangazwa mwaka 1995.

Kanuni za ubora wa maji, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, zinakataza kumwaga majitaka yenye mafuta bila kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA. Gereji ndogo inaweza kuanza kwa kuoshea vipuri ndani ya beseni, kuyaacha mafuta yatulie ili masimbi yazame, kisha kuyatumia tena yaliyo safi juu. Anayeosha injini nzima anahitaji sakafu ya saruji na shimo la kutenganishia mafuta na maji, gharama ambayo mafundi jirani wanaweza kuigawana, na ambayo ni nafuu kuliko kusafisha kisima kilichokwisha kuingiwa na mafuta.