Mashine ya espreso kwa mfuko mdogo: Tazama pampu, si urembo

KAHAWA iliyozoeleka mitaani ni ile ya birika, nyeusi na chungu, inayochemka juu ya mkaa na kunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata. Kwa mkazi wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, anayetaka kunywa espreso nyumbani au kuiuza kwenye mgahawa mdogo, swali la kwanza ni mashine ipi inunuliwe bila kumaliza fedha za alizeti au vitunguu.

Mkulima wa alizeti ataelewa jambo hili upesi. Mashine ya kukamua isiyobana vya kutosha huacha mafuta kwenye mashudu. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Espreso hupatikana kwa kusukuma maji yenye nyuzi joto 90 hadi 96 kupitia kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, kwa presha ya bar 9 hivi. Hiyo ni kama mara tisa ya presha ya kawaida ya hewa.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi aulize kwanza kama mashine ina pampu. Zile za bei ya chini kabisa hazina. Husukuma maji kwa mvuke tu, na kinachotoka ni kahawa kali isiyo na uzito wa espreso. Aidha, maandishi ya "bar 15" au "bar 20" kwenye boksi yasimbabaishe mtu. Huo ni uwezo wa juu wa pampu, na kinachohitajika ni bar 9 tu.

Jambo la pili ni kusaga. Kahawa ikiwa ya chenga, maji hupita mbio na kinywaji huwa chepesi. Ikiwa laini mno, maji hukwama. Anayeanza atenge sehemu ya bajeti kwa kinu kizuri cha mkono. Asiyeweza achague mashine yenye kichujio cha kuta mbili, ambacho huvumilia kahawa iliyosagwa tayari. Kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji isiwekwe kabisa.

Umeme na maji

Mashine nyingi za nyumbani hutumia wati 1,000 hadi 1,500. Ya wati 1,200, ikipasha maji mfululizo kwa saa moja, hula yuniti 1.2 za LUKU. Kwa hiyo izimwe wateja wanapokosekana. Mnunuzi wa mtumba asome kibandiko cha nyuma: umeme wa Tanzania ni volti 230, na mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itaungua ikichomekwa moja kwa moja. Pale umeme unapopanda na kushuka, stabilaiza yenye uwezo unaozidi wati za mashine ni kinga nzuri.

Maji nayo ni adui wa kimya kimya. Maji mengi ya visima mkoani Singida yana chumvi, na ule ukoko mweupe unaoganda chini ya birika la chai huziba pia mirija ya mashine. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, yakachujwa na kuchemshwa, yana nafuu. Mashine isafishwe ukoko mara kwa mara kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu chake, kisha isuuzwe vizuri.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize pia vipuri, hasa ule mpira wa duara unaozuia maji kuvuja. Kutoka Singida hadi Dodoma ni zaidi ya kilometa 200, na mashine isiyo na fundi wala mpira wa akiba hugeuka pambo la kabati.

Hesabu kwanza

Kwa mfano, mashine na kinu vikigharimu Sh600,000, na faida ya kikombe ikiwa Sh500 baada ya kutoa kahawa, sukari na umeme, vitahitajika vikombe 1,200 kurudisha mtaji. Kwa vikombe 10 kwa siku, hiyo ni miezi minne bila kupumzika. Pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 15 hivi vya gramu 16. Singida haisifiki kwa kahawa. Itaagizwa kutoka Kilimanjaro, Mbinga au Kagera, hivyo inunuliwe kidogo kidogo, kwani ikishakaangwa hupoteza harufu kadiri inavyokaa.

Ambaye hesabu hiyo haimkubali bado ana njia. Birika la moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933, hupandisha maji kwa mvuke hadi kwenye kahawa. Presha yake ni ndogo, kwa hiyo si espreso kamili, lakini hutoa kahawa nzito juu ya jiko la mkaa au gesi bila kutumia umeme. Moto uwe mdogo ili mpini usiungue. Akianza nalo, mfanyabiashara atajua kwa gharama ndogo iwapo wateja wapo, kisha faida hiyo ndiyo inunue mashine yenye pampu.