Zege Jepesi la Jiopolima na Uimara Wake Dhidi ya Chumvi

HAYDOM, MANYARA – Mji wa Haydom uko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, lakini adui anayeharibu magati ya pwani hayuko mbali nao. Ziwa Eyasi na Ziwa Balangida ni maziwa ya chumvi. Hivyo, elimu kuhusu zege linalodumu baharini inawahusu pia wananchi wa Mbulu na Hanang wanaojenga karibu na maziwa hayo.

Kila kilo moja ya maji ya bahari hubeba wastani wa gramu 35 za chumvi. Kloridi iliyomo hupenya taratibu katika vinyweleo vya zege hadi kuzifikia nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, zege hupasuka na jengo hupoteza nguvu kabla ya wakati wake. Salfeti, kwa upande wake, hushambulia saruji yenyewe.

Jiopolima ni kiunganishi kisichohitaji saruji ya kawaida. Malighafi yenye silika na alumina, kama vile majivu ya makaa ya mawe, majivu ya volkano au udongo maalumu uliochomwa, huchanganywa na kimiminika cha alkali kali hadi kugandamana kama jiwe. Jina hilo lilianzishwa na mkemia Mfaransa Joseph Davidovits katika miaka ya 1970. Kiunganishi chenye kalsiamu kidogo huiachia salfeti nafasi ndogo ya kufanya uharibifu.

Zege la kawaida lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, ilhali zege jepesi kwa kawaida halizidi kilo 2,000, kwa kuwa hutumia kokoto zenye matundu au povu. Wepesi huo hupunguza mzigo kwenye msingi. Hata hivyo, matundu yakiungana hugeuka njia ya chumvi. Kwa hiyo uimara hautokani na jina la zege, bali na jinsi linavyozuia maji kupenya.

Alkali inayotumika huunguza ngozi na macho. Uchanganyaji wake ni kazi ya wataalamu. Kwa wanaotumia saruji, kinga iko mikononi mwao: maji na mchanga visivyo na chumvi, mchanganyiko usiozidishiwa maji, ushindiliaji mzuri, tabaka la zege la kutosha juu ya nondo na kumwagilia maji kwa siku zisizopungua 7.