Walichochagua Wanawake wa Kasulu

Wanawake 1,203 wa vijijini wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, wote wakiwa wamejifungua ndani ya miaka mitano iliyotangulia, walioneshwa kadi zenye maelezo ya vituo viwili vya afya vya kubuni. Wakaulizwa: ungekwenda kujifungulia wapi? Umbali, gharama, usafiri wa bure, aina ya mhudumu, kauli yake kwa mgonjwa, dawa na vifaa. Yote yalichanganywa na kubadilishwa kadi kwa kadi, ili mama asiweze kupata kila kitu, alazimike kuchagua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 na watafiti walioongozwa na Margaret Kruk, akiwamo daktari wetu Godfrey Mbaruku. Mambo mawili yaliyazidi mengine kwa uzito: mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Watafiti wakapiga hesabu kwamba hayo mawili yakirekebishwa katika vituo vilevile vilivyopo, wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88.

Takwimu hizo nawapelekea wanafunzi wetu wa udaktari, hasa wale wanaoliona somo la saikolojia kuwa la kufaulia mtihani na kusahau. Hofu ya mgonjwa ina kazi yake mwilini. Mama akifokewa leba, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, presha hupanda, na homoni hiyohiyo inaweza kulegeza misuli ya mji wa mimba wakati ambapo inatakiwa kukaza. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yameonesha kuwa mama anayekaa na mtu wa kumtia moyo muda wote wa uchungu, kwa wastani hujifungua mapema zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua.

Saikolojia humfundisha daktari kuuliza pia. Chukua degedege. Mtoto wa Ujiji anachemka homa, macho yanageuka, viungo vinakakamaa na kutikisika. Daktari anawaza malaria kali. Bibi aliyemleta anaweza kuwa anawaza shetani, na kuamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa; imani hiyo watafiti wameikuta Tanzania. Ukimcheka bibi huyo, usishangae asubuhi kukuta kitanda kitupu na dozi haijaisha.

Mwaka 1978 Arthur Kleinman na wenzake, huko Marekani, walipendekeza maswali mepesi ya kumuuliza mgonjwa kuhusu ugonjwa wake. Kwa Kiswahili cha wodini yangekuwa hivi: “Shikamoo, bibi. Pole kwa kuuguza. Wewe unaona mjukuu kapatwa na nini? Na kwenye matibabu haya, unachokihofia hasa ni kipi?” Jibu lake ndilo linalomwonesha daktari pa kuanzia. Akishaeleza kuhusu malaria na sindano, amwombe bibi naye amweleze alivyoelewa. Hapo ndipo utajua kama mmeelewana, maana kichwa cha mtu mwenye hofu hakishiki mengi.

Mbaruku hakuanzia kwenye kadi. Miaka ya 1980, katika hospitali ya mkoa pale Kigoma, alisimamia marekebisho 22 yaliyotegemea zaidi rasilimali zilizokuwapo: damu, dawa, matunzo ya vifaa, na pia uwajibikaji wa wafanyakazi. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Heshima peke yake isingefanya hivyo; mama anayevuja damu anahitaji damu. Lakini damu iliyo kwenye jokofu haimfikii aliyebaki nyumbani katika kijiji cha mwambao, ambako boti ndiyo gari la wagonjwa, kwa sababu safari iliyopita alitukanwa.

Kwa hiyo ningetaka mtihani wa vitendo wa mwisho utoe alama za namna mwanafunzi anavyompokea mgonjwa, anavyouliza, anavyonyamaza akasikiliza. Wakunga wakongwe wawemo kwenye jopo la watahini. Na atakayeshindwa arudie, kama anavyorudia aliyeshindwa kuitambua bandama iliyovimba.