Gari Dogo Lenye Nguvu na Kijana Mwenye Fedha Chache

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja katika jamaa zetu alinifuata barazani akiwa ameshika simu yake. Alinionyesha picha ya gari dogo jeupe, akaniambia, "Ami, gari la namna hii ndilo nililoliwekea akiba kwa miaka mitatu. Baba amekataa katakata. Nakuomba uzungumze naye."

Nilipoitazama picha ile moyo wangu ulishtuka, kwani gari lile nalijua. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa na mwenzake, na nusura linitie katika msiba mkubwa. Sikumwambia kijana aache, wala sikumwahidi kwamba nitamshawishi baba yake. Nilimwambia aketi, nikamweleza niyajuayo. Na kwa kuwa ugomvi wa namna hii umo katika nyumba nyingi, ambapo kijana huona furaha na mzazi huona jeneza, nimeona si vibaya kuyaandika maneno yale yasomwe na wote wawili.

GARI HILI NI GARI GANI?

Gari lenyewe ni Toyota Starlet Glanza V, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Toyota waliliuza huko Japani tangu mwaka 1996 hata mwaka 1999, na kabla yake palikuwa na Starlet GT Turbo, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1989. Injini yake huitwa 4E-FTE. Ina silinda nne, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini hutoa nguvu za farasi 135, na gari zima halifiki kilo 1,000. Injini ndugu yake, 4E-FE, yenye ujazo ule ule, hutoa farasi wapatao 85 tu ndani ya Starlet ya umri huo. Je, farasi hamsini waliozidi wametoka wapi?

Wametoka katika chombo kiitwacho tabo. Moshi unaotoka katika injini kwa kasi huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na gurudumu la pili linaloshindilia hewa safi ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huongezeka. Aliyebuni jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1905. Wajapani walilipenda kwa magari madogo kwa sababu kodi ya gari kwao hupimwa kwa ujazo wa injini. Basi mtu aliyetaka mbio bila ya kuongezewa kodi alinunua injini ndogo yenye tabo. Honda walikwisha kuuza City Turbo tangu mwaka 1982, na Starlet ilifuata njia hiyo hiyo.

KWA NINI YANAYOPATIKANA NI MAGARI YALIYOCHOKA?

Yafaa kijana afahamu jambo hili kabla ya kutoa hata senti moja. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Glanza ya mwisho iliundwa mwaka 1999. Kwa hiyo kila Glanza inayotembea Mombasa au Nairobi leo iliingia nchini zamani, na tangu hapo imepita katika mikono mingi. Kule Tanzania sheria ni nyingine, lakini gari la umri huo hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wake, na mnunuzi lazima autie katika hesabu.

Maana yake ni kwamba hununui gari tu, bali unanunua pia tabia za wote waliolimiliki kabla yako. Aliyelitunza amekutunzia wewe, na aliyelichezea amekuachia deni.

Kwa sababu hiyo nilimwambia kijana azigawe fedha zake mafungu matatu. Fungu la kwanza, lisilozidi nusu kwa wingi, liwe la bei ya gari. La pili liwe la kulitibu. La tatu liwe la bima, hati na dharura, wala lisiguswe kwa mapambo. Ikiwa nusu ya fedha zake haitoshi kununua gari zima, basi wakati wake haujafika, naye asubiri. Na asikope hata kidogo kwa ajili ya mashindano ya barabarani. Mkopo wa riba kwa kitu cha fahari ni mzigo juu ya mzigo, na mara nyingi gari hufa kabla ya deni kwisha.

KULIKAGUA GARI

Nenda asubuhi, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla ya kufika kwako. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Liwashe mwenyewe huku mwenzako amesimama nyuma akitazama moshi. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua, na sababu yake huwa ringi za pistoni zilizokwisha au tabo inayovuja. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia katika silinda, na mara nyingi gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi.

Kisha mlipe fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne. Vipimo vikikaribiana, mshukuru Mungu. Kimoja kikianguka mbali na wenzake, rudi nyumbani. Afungue pia bomba la hewa mbele ya tabo na autikise mhimili wake kwa kidole. Kucheza kidogo sana ni kawaida, lakini ukigusa ukuta wa nyumba yake, tabo hiyo imekwisha.

Halafu itazame namba ya injini na uilinganishe na hati ya gari, kwa kuwa wengi wamebadilisha injini bila ya kuandikisha. Tena palikuwa na Glanza S, isiyo na tabo kabisa, ambayo kwa nje hufanana sana na V. Alama ya V iliyobandikwa mlangoni si ushahidi. Ushahidi ni injini yenyewe ya 4E-FTE, pamoja na tabo na kipozea hewa chake.

Na muuzaji Mwislamu ajue kwamba kuificha aibu ya bidhaa yake ni kula fedha isiyo yake. Amwambie mnunuzi, "Gari hili lina ugonjwa huu na huu." Bei itapungua, lakini fedha itakayobaki itakuwa na baraka.

AFYA KABLA YA NGUVU

Gari likiisha nunuliwa, kijana hutaka kukimbilia kwenye nguvu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kazi ya kwanza ni afya. Ubadilishwe mkanda wa taimingi, maana hujui ulibadilishwa lini, pamoja na pampu ya maji, plagi, maji ya rejeta, na mipira yote ya hewa iliyopasuka. Oili nzuri ibadilishwe kila kilomita 5,000, kwa sababu mhimili wa tabo huelea juu ya oili hiyo hiyo, tena katika moto mkali. Ukitoka katika mwendo wa kasi, iache injini ingurume polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili isikaukie ndani ya tabo.

Kazi ya pili ni breki na tairi. Mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Masafa ambayo gari huyahitaji kusimama likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa yatakuwa mara nne kwa mwendo wa 100, na hapo hujahesabu muda wa kushtuka kwako. Basi zibadilishwe pedi na oili ya breki, na zikaguliwe sahani zake. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne. Ukiona 2419, tairi hiyo iliundwa katika wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu yaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umekufa. Ama kulishusha gari mpaka tumbo likaribie ardhi, katika barabara zetu zenye matuta na mashimo, ni kuivunja sampu ya oili kwa fedha yako mwenyewe.

NGUVU, NA YALIYONIFIKA

Injini hii ina mlinzi wake. Tabo ikishindilia hewa kupita kipimo, kompyuta hukata petroli kwa ghafla, gari likashtuka na kupungua nguvu. Vijana huona huo ni udhaifu, na mimi pia niliona hivyo.

Mwaka 2009 fundi mmoja aliniambia kwamba kwa fedha kidogo angeipandisha presha ya tabo, na angefunga kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta isiione presha hiyo. Nilikubali. Siku ya kwanza gari liliruka kama mkuki, nami nikajiona mjuzi. Katika wiki ya tatu tuliondoka Mombasa alasiri kwenda Nairobi, mimi na mama watoto na mtoto wetu mchanga. Usiku ulitukuta baina ya Voi na Mtito Andei, ndani ya Tsavo. Nilitoka kulipita lori, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikasikia mgongano kama kokoto ndani ya mkebe, kisha nguvu ikakatika kabisa. Nilikuwa ubavuni mwa lori, na mbele yangu taa za basi zilikuwa zinakuja.

Dereva wa lori, ambaye sikumjua wala sikupata kumshukuru, alikanyaga breki akatuachia nafasi ndogo. Nikajitupa ndani yake, na basi likapita. Tulikaa kando ya barabara katika giza, mama watoto amemkumbatia mtoto, hasemi neno. Kimya chake kile nakisikia hata leo.

Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imetoboka. Sababu yake si siri. Hewa iliongezwa, lakini injekta na pampu zilikuwa zile zile za kiwandani, hazikuweza kuleta petroli ya kutosha hewa hiyo. Mchanganyiko wenye petroli pungufu huwaka kwa joto kali na hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ikayeyuka. Tena petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo injini hii iliundiwa, huuzwa kwa okteni ya karibu 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii hapo. Mlinzi alikuwa akijua, nami nilimfunga mdomo. Simlaumu fundi peke yake, kwani mkono uliotoa fedha ulikuwa wangu.

Je, nguvu haiwezi kuongezwa kwa usalama? Yaweza, lakini kwa mpango. Kwanza zifungwe geji za presha na za uwiano wa hewa na petroli, ili uone yanayotendeka. Kisha zije pampu na injekta kubwa zaidi, na kompyuta ipangwe upya na fundi mwenye vyombo vya kupimia, si mwenye kusikiliza kwa sikio tu. Presha ipandishwe mwisho wa yote. Mtu asiye na fedha za mlolongo huo wote aiache presha ya kiwandani, kwa sababu nusu yake ni mbaya kuliko kutofanya kabisa. Kila badiliko lielezwe kwa kampuni ya bima, la sivyo siku ya ajali waweza kujikuta huna bima. Na bomba la moshi lisitolewe kizuia sauti, maana jirani yako ana mgonjwa, ana mtoto, na ana haki ya kulala.

NENO KWA MZAZI NA KWA KIJANA

Niliyasema haya yote mbele ya kijana, na baadaye mbele ya baba yake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kama ni hivyo, nitakwenda naye kulitazama." Naona hilo lilikuwa jambo la busara kuliko kukataa kwake kwa kwanza. Kijana anayekatazwa bila ya sababu hununua kwa siri, na hununua vibaya.

Mpaka ninapoandika maneno haya wamekwisha kukagua magari mawili. La kwanza lilikuwa Glanza S iliyobandikwa alama za V. La pili lilitoa moshi wa buluu asubuhi, na muuzaji akasema ni baridi ya usiku. Yote mawili waliyaacha. Juzi kijana alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka kidogo. Nikamuuliza kuhusu akiba yake. Akanijibu, "Ipo yote, Ami." Nikamwambia, basi hujapoteza kitu. Gari litapatikana.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu barabarani, na wale wanaowangojea nyumbani. Amin.