Nyota, Kimondo au Sayari Ndogo? Mfano wa 1278 Kenya

Miongoni mwa magimba yanayolizunguka Jua baina ya Mirihi na Mshtarii, limo moja lenye jina la Kenya. Katika orodha ya wanafalaki limeandikwa 1278 Kenya. Upana wake ni kilomita 20 hivi, na halionekani kwa macho matupu. Katika Kiswahili, magimba ya jamii hii huitwa mara nyota, mara vimondo, mara asteroidi, na mara sayari ndogo. Maneno hayo hayalingani kwa maana. Historia ya kugunduliwa kwa gimba hili, pamoja na sifa za njia yake, yaonyesha ni neno lipi linalostahili.

Gimba hilo liligunduliwa tarehe 15 Juni 1933 na Cyril Jackson katika kituo cha falaki cha Muungano, mjini Johannesburg. Kwanza lilipewa alama ya muda, 1933 LA: herufi L huonyesha nusu ya kwanza ya mwezi wa Juni, na A huonyesha gimba la kwanza kusajiliwa katika nusu hiyo. Siku iyo hiyo Jackson aligundua jingine, 1933 LB, ambalo sasa ni 1279 Uganda. Kenya ilikuwa bado koloni la Uingereza. Uhuru ulifuata miaka 30 baadaye.

Katika zama hizo wanafalaki walipiga picha za sehemu ile ile ya anga zaidi ya mara moja, kisha wakazilinganisha. Nyota zilibaki mahali pake. Kidoa kilichohama ndicho kilichotafutwa. Hapa ndipo neno "nyota" linaposhindwa, kwani gimba hili halina nuru yake lenyewe, na lilitambulikana kwa sababu halikutulia kama nyota. "Asteroidi" lina kasoro iyo hiyo. Asili yake ni Kigiriki, kwa maana ya "mfano wa nyota", nalo lilitangazwa na William Herschel mwaka 1802 kwa kuwa magimba hayo yalionekana katika darubini kama vidoa vya nuru tu. Neno hilo laeleza udhaifu wa darubini kuliko hali ya kitu chenyewe.

Ama njia ya 1278 Kenya, hiyo ni duaradufu. Umbali wa Dunia kutoka Jua ukihesabiwa kuwa 1, umbali wa wastani wa gimba hili ni 2.41. Likikaribia Jua hufika 1.8, yaani kilomita milioni 270 hivi. Likienda mbali hufika 3.0, yaani milioni 450. Njia yake imeinama kwa nyuzi 11 kutoka bapa la njia ya Dunia. Muda wa mzunguko hupatikana kwa kanuni iliyochapishwa na Kepler mwaka 1619: mchemraba wa 2.41 ni karibu 14, na kipeuo cha pili cha 14 ni 3.74, yaani miaka mitatu na miezi tisa.

Hesabu hizo zalikataa neno "kimondo". Kimondo ni mwako unaoonekana jiwe la angani linapoingia katika hewa ya Dunia. Lakini 1278 Kenya haliifikii hata njia ya Mirihi, seuze ya Dunia. Kuliita kimondo ni kumtia msomaji hofu isiyo na msingi.

Linabaki "sayari ndogo". Huenda ikadaiwa kwamba tangu mwaka 2006 Muungano wa Kimataifa wa Falaki umeliwekea neno "sayari" mipaka mipya. Hata hivyo, orodha ya magimba haya ingali ikitunzwa na Kituo cha Sayari Ndogo, chini ya Muungano huo huo. Zaidi ya hayo, "sayari" latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda. Mwendo ndio uliolifichua gimba hili katika picha za Johannesburg, na mwendo ndio unaopimwa hadi leo. Neno lililokwisha kuwamo katika Kiswahili, basi, lasema kweli zaidi kuliko lile la kukopa.